Simu Imekuwa ya Lazima

Jumatatu, tarehe 3 mwezi wa sita

Mbele ya Mungu, mbele ya taifa, na mbele ya kuku wa jirani aliyeingia ndani bila kubisha, natangaza rasmi: kuanzia asubuhi hii, simu imekuwa ya lazima. Nimefuta neno moja kwenye programu, lile lililokuwa linamruhusu mtu kuacha nafasi ya simu wazi. Asiyeandika namba haingii. Kuku hakupinga.

Kurant, yaani umeme, ilikuja, ikaondoka kabla betri haijajaa. Hapa Nyamianda, mtaa wetu wa Uvira, huja kutusalimia tu, haikai.

Niandike kazi yenyewe, maana nikizeeka nitasahau kwa nini nilikuwa na hasira hivi. Koperative ya mpunga ya Sange ina mfereji mmoja na mashamba mengi. Kiangazi maji hayatoshi. Watu wanachukua kwa zamu, na zamu zinaleta ngumi. Prezida wa koperative, Papa Jolie, akaota kompyuta. Mkulima atajiandikisha na namba yake ya simu, seva itapanga zamu, halafu itatuma mesaji mbili. Ya kwanza kwa mkulima: kesho maji ni yako. Ya pili kwa mlinzi wa mlango wa maji: kesho fungulia fulani. Basi, amani. Ndoto hiyo imepewa watu wawili. Mimi nakagua kinachoingia. Enjinia Trésor anatuma kinachotoka.

Namba ya mlinzi Papa Jolie ameahidi kuileta. Papa Jolie anaahidi vizuri sana.

Mimi nina sababu yangu. Mama mukubwa, dada ya mama yangu marehemu, analima Mutarule, chini kabisa ya mfereji huo. Ndiye aliyenilea. Miche yake iko kitaluni, shamba linangoja maji ili aihamishie. Yakichelewa sana, miche itazeeka hapo hapo ilipo, na mwaka huu hatavuna kitu. Kila mwaka alikuwa anapigania maji kwa mdomo na viwiko. Mwaka huu nimemwambia asipigane. Asubiri mesaji.

Amekubali mara moja. Hilo lilinipa wasiwasi kidogo. Likapita.


Jumanne, tarehe 4

Trésor ni mjinga. Naliandika hapa ili nisiliandike kwenye grupe yetu ya simu.

Kuna kitu kinaitwa shema. Ni barriere, kizuizi cha njiani, kama zile za barabara ya kwenda Sange, isipokuwa hii haiombi ya chai. Naiambia: jina liwe maneno, ukubwa wa shamba uwe namba, simu iwe na urefu huu na ianze hivi. Kinachofanana kinapita. Kisichofanana kinarudishwa na maelezo ya adabu.

Uzuri wake hauko hapo. Nikishaandika shema, mashini inaisoma yenyewe na kujua aina ya kila kitu. Siandiki mara ya pili. Popote ninapotaja mkulima, mashini inajua mkulima ana nini na hana nini. Nikikosea inanipigia mstari mwekundu kabla sijaaibika mbele ya watu. Chanzo ni kimoja. Niliposoma jambo hilo mara ya kwanza nilicheka peke yangu kwenye kibanda ninakojazia watu nyimbo, mteja akadhani namcheka yeye.

Trésor hataki. Yeye anaandika aina zake kwa mkono, kwenye faili lake, pembeni. Mkulima wangu na mkulima wake walizaliwa mapacha, sasa hawasalimiani. Wangu ana majina matatu, jina, postnom na prenom, tangu wiki iliyopita. Wake bado ana jina moja, kama mbwa. Na mashini ikimlalamikia, anaweka neno moja ambalo maana yake ni: nyamaza, mimi najua. Mashini inanyamaza. Mimi nisingemwamini mtu huyo kunishikia kikombe.

Alisoma Bujumbura. Ana diploma iliyowekewa plastiki. Mimi nilisomea kwenye kibanda cha kujaza nyimbo kwenye simu za watu, nikipakua kurasa za mafunzo wakati rezo, yaani mtandao wa Burundi, inashika vizuri kutoka ng'ambo ya ziwa. Yeye ananiita fundi ya nyimbo. Hata mbele ya Papa Jolie.


Alhamisi, tarehe 6

Kikao Sange. Joto. Viti vya plastiki, kimoja mguu mbovu, nikapewa mimi.

Niliwaeleza habari ya simu. Mama mmoja wa mstari wa nyuma akainuka, akashika kiuno. "Muntu hana simu, aandike nini? Namba ya mbuzi yake?" Watu wakacheka sana. Nikasema aandike namba ya mtoto, ya jirani, yoyote anayoifikia. Trésor akaingilia kwa Kifaransa, kisha akarudia kwa Kiswahili kama mtu anayewahurumia: nafasi iachwe wazi, asiye na simu ataambiwa kwa mdomo. Kwa mdomo! Tumejenga seva ili turudi kwenye mdomo.

Nikamuuliza hao wa mdomo wataambiwa na nani. Akasema, "Na weye. Si uko na mdomo mingi?"

Wakacheka tena. Nimewahesabu kichwani waliocheka. Nitawakumbuka.

Papa Jolie aliamua upande wangu. Hakuwa ameelewa hoja yoyote. Alilipenda tu neno obligatoire, lazima kwa Kifaransa. Alilisema mara nyingi, kila mara kwa sauti kubwa zaidi, mpaka likawa sheria. Nimeshinda. Ushindi wa aina hiyo unachukuliwa hivyo hivyo.

Mlinzi wa mlango wa maji, Mzee Kashindi, hakuja. Inasemekana haji kwenye vikao. Nikauliza namba yake. Papa Jolie akamtazama katibu, katibu akamtazama Trésor, Trésor akatazama simu yake.


Jumamosi, tarehe 8

Uandikishaji umefunguliwa. Mpaka mchana barriere haikumrudisha mtu hata mmoja. Sange nzima ina simu, na Mutarule pia. Nikajipongeza kwa chai na mandazi. Nikamwandikia Trésor kwenye grupe: "Zero erreur, kosa hata moja hakuna." Hakujibu. Raha.

Jioni nikazisoma namba.

Mmoja, baada ya zile za mwanzo za nchi, ana saba tupu. Mwingine amepanda kutoka moja mpaka tisa kama mtoto wa gardienne, shule ya chekechea, anayejifunza kuhesabu. Bwana mmoja wa sokoni ameandika namba ya mke aliyemwacha. Najua kwa sababu niliipiga kuijaribu, mke huyo akanitukana kwa Kirundi, akakata. Zote zina urefu sahihi, zote zinaanza vizuri. Barriere imewapigia saluti mmoja mmoja.

Nilitaka habari safi. Nimefundisha watu wazima kudanganya kwa umbo zuri.

Halafu namba yangu mimi. Imo mara nyingi mno. Mama mukubwa kaigawa kwa kila mwanamke asiye na simu kuanzia Mutarule mpaka barabarani: muandike ya mutoto yangu, iko kwa buro ya koperative, atatuambia. Nilipompigia kumgombeza alikuwa na furaha kama mtu aliyetoa sadaka. "Minye nilizani utafurahi. Sasa unajulikana."

Kweli. Sasa najulikana.

Trésor nisimwambie. Afadhali nife.


Jumatatu, tarehe 10

Zamu zimeanza. Simu yangu inalia tangu asubuhi. Kesho maji ni yako, kesho maji ni yako. Sina hata futi moja ya shamba. Nawapigia wenyewe kupitia watoto wao, kupitia dukani, kupitia mtengeneza baiskeli. Yaani nawaambia kwa mdomo. Unabii wa Trésor umetimia na hajui.

Lakini Mama mukubwa amepata yake mwenyewe, kwenye kisimu chake cha tochi: Jumatano asubuhi. Amewaonyesha wote pale kwao. Jirani asiyejua kusoma ameishika simu, akaikagua kama noti ya dola, akarudisha, akasema iko bien, ni nzuri.

Nilijisikia vizuri. Niandike pia na hilo, lisije likaonekana shajara nzima ni ya chuki.


Jumatano, tarehe 12

Mama mukubwa alivaa kitenge cha kanisani kwenda kupokea maji. Akafika mferejini. Upande wake umefungwa. Maji yote yako kwa Papa Bosco, anayelima upande wa juu.

Akamuuliza Papa Bosco kama amepata mesaji. Mesaji gani? Hata hajajiandikisha. "Minye nilienda tu kwa Mzee, nikamuamkia, akanifungulia." Mama mukubwa akamwonyesha simu. Papa Bosco akasema mesaji ni nzuri, aende nayo nyumbani.

Akarudi nayo nyumbani.

Alinisimulia yote hayo kwa simu, sikumsikiliza vizuri. Nilikuwa nafungua kumbukumbu za seva kutafuta kosa la Trésor. Kazi ya kumtumia mlinzi mesaji ni yake. Nikaandika kwenye grupe kwamba kuna mtu hapa anatuma mesaji kwa upepo, na kwamba diploma ikiwekewa plastiki inazuia hewa kuingia kichwani.

Akajibu upesi. "Mesaji ya mulinzi ilienda. Iko pale, imetumwa, angalia mwenyewe, fundi ya nyimbo. Kama muntu hasomi, ni kosa yangu?"

Nikaangalia. Ilienda. Imeandikwa imetumwa. Nimekasirika zaidi kuliko kama isingekuwa imetumwa.


Ijumaa, tarehe 14

Zamu ya pili ya Mama mukubwa. Amefungiwa tena.

Na Sange wamepigana. Mwenye mesaji alimkuta asiye na mesaji ameshikilia maji. Mwenye mesaji akaisoma kwa sauti. Asiye na mesaji akaichukua simu, akaitia mferejini, halafu akamtia na mwenyewe. Walitenganishwa na wanawake waliokuwa wanafua. Kijana wa koperative amenitumia picha. Mtu amelowa mpaka kofia na bado ananyoosha kidole kuelekea kwenye simu, imo humo majini, kama shahidi.

Papa Jolie amepiga simu. Mwaka jana ngumi zilikuwa za kawaida, anasema, mwaka huu zina karatasi. Nikamwambia si karatasi. Akasema usinijibu.

Baada ya hapo nikampigia Mama mukubwa. Miche imeanza kuwa ya njano kwenye ncha. Nikamwambia aende kwa mlinzi kama wengine, amuombe. Amekataa. Ninamnukuu, kwa sababu tangu mchana maneno hayo hayanitoki: "Apana. Nikienda kuomba, watasema programu ya mutoto yangu ni ya bure. Minye nitangoja mesaji."

Bonde zima la Ruzizi lina mtu mmoja tu anayetii seva yangu. Na ndiye anayekauka.


Jumamosi, tarehe 15

Nimelipata. Nimelipata na ni la Trésor.

Kwenye faili lake la mkono, mlinzi ameandikwa hivi: ana jina, na simu, labda. Labda! Ameweka alama ile ya kusema kitu kinaweza kuwepo au kisiwepo. Kwenye shema yangu mashini imebaini wazi: simu ya mlinzi ipo daima, bila labda. Mtu ambaye kazi yake yote ni kumtumia mlinzi mesaji hana hakika kama mlinzi ana simu.

Nimelifuta faili lake lote. Mahali pake nimeunganisha aina zinazotokana na shema yangu. Mistari myekundu ilijaa kila mahali alipokuwa ameiambia mashini inyamaze. Nikairekebisha mmoja mmoja, kwa furaha kama mtu anayechambua samaki wadogo wa ndagala wa mtu mwingine na kumtupia vichwa. Mwisho ukurasa ukawa msafi. Mashini haina swali hata moja. Imekubali kila kitu.

Nimetuma kwenye grupe: "Kwa koperative kuanzia leo, mlinzi iko na simu. Enjinia anaweza kulala."

Watu wamecheka. Hata wale wa kikao.


Jumatatu, tarehe 17

Leo sitaki kuandika. Naandika.

Kikao kingine. Trésor alikuja na kompyuta yake na utulivu. Nilipaswa kuuogopa utulivu ule. Hakunitukana. Alimuomba Papa Jolie asogee, akageuza kioo kuelekea kwa watu, akauliza kwa sauti ya mwalimu wa dini: hii njo namba ambayo mesaji za mulinzi zinaenda, nani anaifahamu?

Sifuri. Sifuri mpaka mwisho, baada ya zile za mwanzo za nchi.

Halafu yule mama wa mbuzi akasema, "Hiyo ni ya mbuzi yangu." Nyumba ikaanguka kwa kicheko.

Namba hiyo ni yangu. Niliiweka mimi, mwezi wa nne. Shema inaruhusu thamani ya akiba: mtu asipoandika kitu, mashini inajaza yenyewe ile uliyoiwekea. Nilikuwa najaribu, namba ya mlinzi sina, Papa Jolie ameahidi. Nikaweka sifuri ili mstari mwekundu unitoke machoni. Halafu nikasahau. Na kwa kuwa akiba ipo, mashini ikabaini bila kosa kabisa kwamba simu ya mlinzi haikosekani kamwe. Ilisema kweli. Haikosekani. Ni sifuri.

Labda ya Trésor ilikuwa ndiyo alama pekee kwenye programu nzima iliyokuwa inajua kitu. Nimeifuta Jumamosi kwa mikono yangu, nikajisifu.

Yeye aliieleza vizuri, polepole, kwa Kiswahili cha kueleweka. Ningependa angeieleza vibaya. Mwishoni akageuka kwangu. "Weye uliandika mulinzi iko na simu. Bon. Tupigie basi."

Wote wakanitazama. Niliitazama miguu ya kiti. Ni kile kile kibovu.

Papa Jolie ameamua: Trésor ashike kazi zote mbili. Ataondoa akiba. Namba ya mlinzi itakuwa ya lazima, ya kweli, na bila hiyo hakuna zamu itakayopita. Obligatoire, akasema. Obligatoire.

Namchukia Trésor. Namchukia hasa kwa kuwa alikuwa sahihi na shati lake limepigwa pasi. Nimerudi Uvira bila kuaga mtu.


Jumanne, tarehe 18

Nimekuja Mutarule. Sikusema naja. Mama mukubwa alikuwa anamwagilia miche kwa sufuria, maji ya kisima, anaimba wimbo wa kwaya bila maneno. Akanitazama uso. Akaniwekea bugali na sombe, kisamvu chetu, akaniacha nile kwanza.

Nikamwambia yote. Sifuri, akiba, kicheko. Aliuliza swali moja: sasa mesaji itakuja lini?

Kitalu ni kibaya. Upande mmoja miche imelala. Upande wa pili bado imesimama, lakini ni ya njano mpaka katikati. Nimeuvuta mmoja, mizizi ikatoka mikavu kama uzi wa gunia. Hakunilaumu. Angenilaumu ningejua la kujibu, nimeandaa majibu mengi njia nzima.

Programu ya Trésor imeanza kazi mchana. Imekataa kila mtu. Kila zamu inarudishwa na ujumbe ule ule wa adabu nilioandika mimi: simu ya mlinzi ni ya lazima. Namba bado hakuna aliyeileta. Katibu anasema iko kwa Papa Jolie. Papa Jolie anasema iko kwa katibu.

Nilicheka kidogo. Mama mukubwa akauliza nacheka nini. Nikasema hakuna kitu.


Jumatano, tarehe 19

Trésor amepiga. Sikupokea.

Amepiga tena. Nikapokea kwa ajili ya kumsikia akiteseka. Anasema wakulima wamekuja buro, ofisini, na majembe, na hawakuja kulima. Kwa kuwa niko upande wa Mutarule, nimtafutie namba ya Mzee Kashindi. Akaniita dada. Nilisubiri aongeze kitu kibaya baada ya dada, hakuongeza.

Nikamwambia nitaona. Nataka amalize siku nzima hajui.

Miche mingine imelala leo. Mama mukubwa ameweka simu yake ya tochi juani ili ishike rezo vizuri. Nimemwambia jua halisaidii rezo. Akaigeuza upande wa pili.

Hapo nikachoka. Nikamwambia: mesaji haitakuja. Programu ni ya bure. Mimi mwenyewe nasema, si majirani. Kesho tunaenda kwa huyo mlinzi.

Akasema, "Basi kama ni weye unasema."


Alhamisi, tarehe 20

Tulienda asubuhi, Mama mukubwa na kitenge chake, mimi na sahani ya ndagala za kukaanga iliyofunikwa. Mlango wa maji ni bamba la chuma lenye kutu na gurudumu la lori limefungwa juu yake kwa ajili ya kuzungusha. Nilikuwa naufikiria mkubwa zaidi.

Mzee Kashindi alikuwa amekaa juu ya jiwe anatafuna muwa. Hakutusalimia. Alimtazama Mama mukubwa kama mtu aliyenunua kitu akaacha kulipa. "Mama Sifa. Bote bamekuja kuniamkia. Weye tu hapana. Nilisema huyu mwaka huu amekuwa mutu mukubwa, iko na kompyuta."

Mama mukubwa akaomba radhi. Akasema alikuwa anangoja. Mzee akauliza anangoja nini. Nikamsogezea sahani.

Mzee akaifunua. Akala taratibu, akasema chumvi ni kidogo. Siyo mtu mzuri. Anampa maji anayemjia, na anayemjia na kitu anampa zaidi, na aliye mbali akauke. Hajui ukubwa wa shamba la mtu yeyote, na majina anayachanganya, alimwita Papa Bosco kwa jina la baba yake. Nilitaka kumkasirikia ila hasira ilikuwa imeisha, niliitumia yote kwingine.

Akanawa mikono mferejini. Akazungusha gurudumu. Maji yakaingia upande wetu, ya rangi ya udongo, polepole, yakisukuma majani makavu mbele. Mama mukubwa akavua viatu, akatangulia nayo.

Tumehamishia miche iliyobaki mpaka mchana. Ni karibu nusu ya shamba. Nusu nyingine atapanda mihogo. Mgongo unauma.

Trésor alikuwa amepiga mara nyingi. Kabla ya kuondoka nilirudi mlangoni, nikamwomba Mzee Kashindi namba yake ya simu.

Hana simu. Hajawahi kuwa nayo.